Turubai la Ushirika Ubavuni mwa Kombi

Wiki iliyopita wageni wawili wazee, mume na mke, waliegesha kombi kuukuu mbele ya nyumba ya kulala wageni hapa Masasi. Walivuta turubai kutoka ubavuni mwake, wakasimamisha nguzo, wakakaa kivulini wakinywa chai. Wapita njia walitabasamu. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara na kikapu changu cha nyanya, na harufu ya turubai lililopata jua ikanifikia: mafuta ya taa kidogo, vumbi, na uchungu fulani kama wa ganda la korosho. Nikajikuta natafuta kwa macho ni nani analia. Yule mama wa kizungu alinipungia mkono. Nilivuka barabara, nikakikanyaga kigingi chao kimoja kilichokuwa kimelegea mpaka kikazama vizuri, akanishukuru sana.

Siku hizi turubai ni la kila kitu. Watoto wetu wanakodi mahema meupe kwa harusi, kipaimara, hata kwa kuzaliwa kwa mtoto ambaye hajui kama amezaliwa. Wenzangu wa rika langu mliokulia kule juu Newala mnajua kwamba haikuwa hivyo. Kijijini kwetu, upande wa Chilangala, lilikuwepo turubai moja tu, mali ya chama cha ushirika, la kijani, zito kama maiti, la kufunikia magunia ya korosho yakisubiri lori. Msimu ukiisha lilikunjwa likalazwa ghalani, na lilitoka humo kwa sababu moja. Wanaume walilibeba mabegani wakapita nalo katikati ya nyumba, na wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha mchi kinuni wakatoka kutazama linaingia uwanja wa nani. Harusi zetu tulichezea chini ya mikorosho. Mikutano ya kijiji tulikaa juani, tukapiga makofi juani. Turubai lilikuwa la msiba.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kwenye mistari ya kijiji cha Ujamaa. Zamani kila mtu alikaa shambani kwake, na jirani ulimjua kwa moshi tu. Sasa mlango ulitazama mlango, na mtu akipiga chafya kwenye mstari wa kwanza, aliyeko mstari wa mwisho alimtakia afya. Wazazi wangu hawakuwa wa pale. Walikuwa watu wa Masasi, wajukuu wa watu waliobatizwa zamani na misheni, na walikuja kule kwa kazi. Mama alikuwa muuguzi na mkunga. Baba alikuwa dereva wake, na alipenda kusema hivyo hasa mbele ya wanaume wenzake, ili aone nani atacheka.

Gari lenyewe lilikuwa kombi ya rangi ya maziwa, kuukuu hata wakati huo, iliyoachwa na daktari mmoja mgeni na mke wake walipofunga safari ya kurudi kwao. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, jiko dogo la mafuta ya taa, na mapazia ya maua madirishani. Kwangu mimi ile ilikuwa nyumba iliyojifunza kutembea. Wazazi wangu waliitumia kupita vijijini kuchanja watoto na kupima wajawazito, na ubavuni mwake palikuwa na kivuli cha kitambaa cha mistari ambacho Baba alikivuta wagonjwa wakakaa chini yake. Kisha vita vya ng'ambo vikakolea. Watu wakaanza kuvuka Ruvuma na watoto migongoni, na kombi ikaacha kuzunguka vijijini. Ikawa inashuka bondeni na kukaa huko.

Kila waliposhuka nililazwa kwa Bi Somoe, jirani yetu wa mbele, mjane mwenye sauti ya kuitia watu mto wa pili. Alinipenda, nami nilimpenda, ila sikulala vizuri kwake. Upepo ukitoka bondeni ulituletea mlio, mara moja, mara mbili, kama gogo linaloangushwa mbali sana, na wakubwa waliacha kutafuna. Hakuna aliyetuambia kitu sisi watoto. Lakini mtoto ana masikio hata nyuma ya kisogo, na mimi nilikuwa nimesikia maneno yaliyonikaa tumboni kuliko chakula: kwamba bomu la Wareno halibakishi mtu mzima, kwamba unazika ulichookota. Nilitembea na maneno hayo siku nyingi. Nikimtazama Mama akivaa gauni lake jeupe nilikuwa nahesabu moyoni mikono yake, miguu yake.

Asubuhi ninayoisimulia niliamka kwa Bi Somoe na kukuta yeye ameshakwenda kuteka maji. Nikachungulia nje. Kombi ilikuwa uwanjani kwetu. Nilikimbia nikiita Mama kabla sijavuka njia. Mlango wa kombi ulikuwa wazi, kitanda kimekunjwa, gauni la Mama halikuning'inia kwenye ndoano yake. Nilizunguka nyumba. Nikafungua mpaka banda la kuku. Kisha nikamwona Baba anatokea upande wa ghala la ushirika, yeye na mlinzi wa ghala, na mabegani mwao limelala turubai la kijani.

Mlinzi alilitua, akasema, "Haya Baba Hilda, Mungu akusaidie," akaenda zake shambani mbio kabla jua halijawa kali. Nilimsikia vizuri. Mungu akusaidie.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Umeamka? Hebu nishikie hapa."

Baba aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Leo najua kwamba aliendesha alfajiri yote kwenye mteremko ule wa mchanga na makorongo, kwamba upepo ulikuwa umekipasua kile kivuli cha mistari kikaruka na kunasa mitini, kwamba Mama alibaki na wagonjwa juani na alimwambia asirudi bila kivuli. Najua pia kwamba alilichagua turubai la ushirika kwa kuwa kijani ukikitazama kutoka angani huwezi kukitofautisha na pori. Yote hayo angeweza kunieleza. Lakini Baba alikuwa mtu wa kuzungumza na injini, na asubuhi ile kinywani mwake mlikuwa na kamba ya katani.

"Mama yuko wapi?"

"Kule kule."

"Atakuja?"

"Mmh," alisema, meno yameng'ata kamba.

Nikashika nilipoambiwa nishike. Juu ya paa la kombi, ubavuni, palikuwa na reli nyembamba ya bati yenye mdomo, na kivuli cha zamani kilikuwa na pindo nene lililopita humo kama ukanda kwenye suruali. Turubai la ushirika halikuwa na pindo. Baba alilikunja ukingo wake juu ya kamba ya katani, akaanza kulishona kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, anachoma, anavuta, anakaza kwa goti. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa turubai nikilivuta lisijikunje. Kila alipochoma, ile harufu ilitoka. Nilikuwa nimeinusa katika uwanja wa kila mtu aliyewahi kufa kijijini pale, na sasa ilikuwa mapajani mwangu.

Sikulia. Nilifikiri kama nikilia itakuwa kweli. Alipomaliza kushona alisugua pindo kwa sabuni ya kipande, akaliingiza mdomoni mwa reli, akaniambia nisukume huku yeye anavuta, na tukaenda hivyo taratibu mpaka turubai likaning'inia ubavu mzima wa kombi hadi chini. Baba alirudi nyuma akalitazama. Akasema, "Sasa tuone litashika," kwa sauti ambayo ningeipenda siku nyingine yoyote.

Alikata mianzi akafanya nguzo, akaliinua. Kisha akapigilia vigingi. Lakini ninyi mnaujua udongo wa kule juu, mchanga mwekundu mtupu, unameza maji yote na haushiki kitu. Na ulikuwa wakati wa pepo, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Upepo ulipotoka ukingoni mwa mteremko ulilivimbisha turubai, ukaling'oa na vigingi vyake, vikaruka vikining'inia kwenye kamba. Kimoja kilimpiga Baba begani. Alipigilia tena, akainamisha vigingi upande wa pili, upepo ukaling'oa tena. Akakaa kidogo. Akainuka, akaenda kuchukua jembe, akaanza kuchimba.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya nyumba. Shimo alilochimba lilikuwa refu kidogo na jembamba, urefu wa mkono wa mtu mzima. Alilichimba kwa uangalifu, akanyoosha kuta zake, akaingia mpaka magotini. Alikuwa anatengeneza mahali pa kufukia gogo lililofungwa kamba katikati, kwa sababu gogo likilala chini ya mchanga uliokanyagwa, upepo unaweza kuling'oa shamba zima kabla ya kuling'oa hilo. Ni ujuzi wa watu wanaojua mchanga. Lakini mimi sikuona gogo. Niliona turubai, na niliona shimo lisilotosha mtu mzima, na nikakumbuka ulichookota ndicho unachozika.

Hapo ndipo mwili wangu ulipofanya ulichotaka wenyewe. Nilikaa chini, nikavuta gauni langu kichwani kama nilivyowaona wanawake wakivuta kanga.

Wakati huohuo Bi Somoe alikuwa anapanda njia kutoka kuteka maji, debe kichwani. Alipofika usawa wa nyumba yetu alisimama. Kwanza aliliona turubai. Kila mtu angeanza kwa kuliona turubai. Akamwona Baba, macho mekundu, anachimba. Kisha akaniona mimi. Mimi nami nikamtazama usoni, na kama nilikuwa na tone la shaka lilikauka pale, maana uso wa Bi Somoe ulibomoka. Mimi niliamini kwa sababu ya uso wake, na yeye, alivyokuja kunieleza baadaye, aliamini kwa sababu ya uso wangu. Alilitua lile debe katikati ya njia, maji ya nusu siku ya miguu yake, akaweka mikono kichwani.

"Mama Hilda! Mama Hilda wee! Nkunga wetu, umetuacha na nani!"

Sauti ile niliyowaambia, ya mto wa pili. Mlango ukafunguka, na mwingine, na mwingine, na kutoka mashambani watu wakaja mbio na majembe yao. Kule kwetu hakuna mtu anayesimama kuuliza maswali mbele ya turubai la ushirika. Unajifunga kanga, unachukua unga ulio nao, kuni ulizonazo, unakwenda. Kufumba na kufumbua uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanawake aliowazalisha Mama walikuja na watoto haohao migongoni. Mmoja alinibeba akanikandamiza kifuani mwake mpaka nikashindwa kupumua, akisema, pole mwanangu, pole yatima, na neno lile yatima, ambalo nililijua la kwenye vitabu vya kanisani, likaingia mwilini mwangu kama maji ya baridi.

Sasa sikilizeni la Baba. Alikuwa ndani ya shimo lake, ameinama, anapima gogo, aliposikia kilio kinakuja kwake kutoka pande zote na jina la mke wake ndani yake. Aliinuka na jembe mkononi. Mimi nilimwona. Sijawahi tena kuona uso wa mwanamume umevuliwa hivyo. Bi Somoe alimfikia akamkumbatia, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akasema, "Baba Hilda, tumeumia. Tumeumia wote."

Baba hakuuliza neno. Alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani. "Nilijua," alisema. "Nilimwambia turudi wote. Akasema hawezi kuwaacha watu juani."

Basi, nani angeshuku tena? Mwenye msiba mwenyewe amesema alijua. Wanaume wakalichukua jembe mkononi mwake kwa upole, wakamalizia kazi yake: wakafukia magogo, wakakanyaga mchanga, wakakaza kamba, na turubai likatulia lisitikisike. Halijawahi kufungwa vizuri namna ile. Baba aliwekwa chini yake kwenye jamvi, wanaume wakakaa naye. Alikuwa akililia kivuli alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Aliyetutoa humo alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mfupi mwenye utaratibu mwingi, ambaye alifika mwisho kwa sababu alirudi kwanza nyumbani kuvaa viatu. Alitoa pole. Alikaa kadiri ya heshima. Kisha akakohoa, akasema, "Sasa wenzangu, ndugu wa marehemu wako Masasi, na Lukuledi wako pia. Lazima apelekwe mtu leo hii. Mimi nashauri aende pamoja na huyu aliyeleta habari, ili wakiulizwa amefaje, ajibu aliyeona. Yuko wapi aliyeleta habari?"

Watu wakageuka nyuma kumtafuta.

"Yuko wapi?" balozi aliuliza tena.

Baba aliinua kichwa. "Si mmekuja nayo ninyi?"

"Sisi?" alisema Bi Somoe. "Sisi tuitoe wapi? Si wewe umekuja na gari bila mwenzio, ukafunga turubai?"

"Nimefunga kivuli cha gari," Baba alisema. "Nimeazima kivuli cha wagonjwa, nakijaribu kama kitahimili upepo."

"Na ntoto je? Ntoto kavuta gauni kichwani!"

Wote wakanigeukia. Nilisema, kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo, nyembamba kama ya mbu, "Baba amechimba."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, kicheko kile cha kupumua. Wengine wakamfuata. Na Baba naye alikuwa karibu kucheka, niliona mdomo wake unakwenda huko, wakati upepo ulipogeuka kutoka bondeni na kutuletea ule mlio. Gogo moja. Likafuata jingine. Kicheko kikakatika. Maana tulikuwa tumeondoa nini? Hakuna aliyeleta habari kwamba Mama amekufa. Lakini hakuna pia aliyeleta habari kwamba yu hai. Alikuwa kule kule, penye mlio.

Baba alikuwa ameshasimama anafungua kamba. Aliwakatia vifundo wale waliokuwa wakivifungua polepole. Wanawake walianza kuinama kuchukua unga wao, kwa aibu kidogo, na ndipo Bi Somoe akasema, "Wekeni chini."

"Bi Somoe, hakuna msiba," balozi alisema.

"Unga wa nsiba haurudi jikoni. Nani wenu atausonga huo alishe watoto wake? Kilio kimelizwa hapa, tena kikubwa. Tukikunja hivihivi tukaenda kulala, kitakwenda kuntafuta ntu chenyewe. Mimi nnashuka na huu unga. Baba Hilda, nifungulie gari lako."

Hakuna aliyembishia, na nadhani hakuna aliyekuwa hamwamini. Mimi nilimwamini kabisa. Nilijua ni nani ambaye kile kilio kitamtafuta, kwa maana kilikuwa kimeitwa kwa jina lake. Baba alitaka niachwe. Nilikamata mguu wa kitanda cha kombi, na walipojaribu kunitoa Bi Somoe akasema, "Nwache. Huyu tukinwacha, tutankuta njiani." Wakapakia unga, kuni, mpaka lile debe la maji. Turubai likaviringishwa juu ya paa, reli ingali imelishika pindo.

Njia ya kushuka bondeni sitaisimulia sana. Baba alishikilia usukani kama anataka kuung'oa. Bi Somoe alikaa mbele pembeni yake, kanga ya msiba imefunika kichwa, hakuivua, sijui kwa kusahau au kwa tahadhari. Mimi nilikuwa nyuma juu ya kitanda, katikati ya makapu ya unga, na niliyafunga mapazia yote. Sikutaka kuona. Niliweka mpango, na mpango wa mtoto mwenye hofu una sheria kali kuliko za serikali: nitafumba macho, nitaziba masikio kwa viganja, wala sitashuka mpaka nisikie sauti ya Mama mwenyewe inanitaja. Maadamu sijashuka, hakuna lililotokea. Unga ulinimwagikia, nikawa mweupe nywele na kope. Joto likapanda kadiri tulivyoshuka. Jua lilikuwa bado juu gari liliposimama.

Nilisikia mlango wa Bi Somoe ukifunguliwa. Nilisikia wa Baba. Niliziba masikio zaidi, lakini viganja vya mtoto havizibi kitu. Halafu mwanamke akapiga ukelele.

Kulikuwa na jina ndani ya ukelele ule, nalo lilikuwa langu.

"Hilda! Hilda! Mwanangu mimi! Nilikuachia mtoto, Somoe! Nilikuachia mtoto!"

Sauti ilikuwa ya Mama. Mpango wangu ulikuwa umetimia, Mama yu hai na ananitaja, na bado sikuweza kusogea. Nilikuwa nimejiuliza siku nyingi jinsi nitakavyomlilia yeye. Haikunijia hata mara moja kwamba anaweza kunililia mimi. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwa mgonjwa wake akaona gari letu. Akamwona mume wake, macho mekundu. Akamwona anayeshuka ni yule aliyemwachia mtoto, kanga ya msiba kichwani, kapu la unga mkononi, na mtoto hayupo. Baba alikuwa akisema jambo, Bi Somoe alikuwa akisema jambo, wote wawili kwa pamoja, na yeye hakusikia hata mmoja. Na si yeye peke yake aliyekuwa akilia. Kilio kilikuwa kimeshika wanawake wengine, wengi, kikienda mbali kwenye miti, kikubwa kuliko kile cha asubuhi.

Nilisukuma mlango kwa miguu, nikatoka.

Mama alikuwa amepiga magoti mchangani. Aliniona, na hakunyamaza. Aliendelea kulia akinitazama, mimi mweupe wa unga tangu utosi, kama mtu asiyeamini macho yake. Kisha akanivuta, akaanza kunipapasa. Alinibana tumbo. Akanivuta kope chini akatazama wekundu wa ndani. Akakunja mkono wangu mmoja, akaukunjua, akakunja mwingine, akaweka sikio mgongoni mwangu. Alikuwa ananipima kama alivyowapima watoto wa watu, anatafuta ni wapi nilipofia. Hakupaona. Akanishika kifundo cha mkono, akakikaza mpaka kikaniuma, na hakukiachia.

"Amekufa nani, basi?" alimuuliza Bi Somoe.

"Hajafa ntu," Bi Somoe alisema, machozi yanamtiririka. "Hajafa ntu, Mama Hilda. Tumekosea."

Lakini wale wanawake chini ya miti walikuwa hawajanyamaza. Walikuwa watu wa kutoka ng'ambo, waliovuka na walichoweza kubeba. Mmoja wao, mrefu, mwenye chale usoni, alikuja mpaka karibu akalitazama kapu la unga. Aliongea Kimakonde, ile ile lugha ya Bi Somoe.

"Kwetu wamekufa," alisema. "Hatukupata mahali pa kukaa tukalia."

Bi Somoe alimtazama yule mwanamke, akautazama unga. Akaukalisha chini mbele yake kwa mikono miwili, kama unavyompa mwenye msiba, akamwambia pole. Baba hakungoja kuambiwa. Alipanda juu ya paa, akalikunjua turubai, wanaume wakachimba, wakafukia magogo na kukanyaga mchanga, mpaka kivuli kikasimama. Jamvi likatandikwa. Moto ukawashwa.

"Umefiwa na nani, ndugu yangu?" Bi Somoe aliuliza walipokwisha kukaa.

Yule mwanamke akaanza kutaja. Alitaja mmoja mmoja, polepole, na kila jina wanawake waliitikia. Maji yalichemka sufuriani, unga ukamiminwa, ugali ukasongwa ukaiva, ukapakuliwa. Alikuwa bado anataja.